Mgeni wa Idi Pili

Juzi jirani yangu alianika koti zito la baridi kwenye kamba ya nguo. Jua la mchana lilipolipata, likatoa harufu ya vile vidonge vyeupe vinavyowekwa sandukuni kufukuza mende. Nilikuwa napita na ndoo mkononi, nikasimama. Wenzangu mliokulia huku pwani mnajua kwamba koti la namna ile halina kazi kwetu. Mtu akiwa nalo, basi lina habari yake. La mama yangu lilikuwa na habari, na mimi niliijua kwa kuikosea kwanza, wakati meno yangu ya utoto yalikuwa bado hayajamaliza kung'oka.

Tulikaa Kibiti, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi. Mbele ya nyumba lilikuwa duka la baba la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, saruji, rangi. Nyuma kulikuwa na ua, jiko la makuti na banda la kuku. Mama alisaidia dukani, akapika, akanisuka nywele, na mimi niliamini kwamba hivyo ndivyo alivyozaliwa, akiwa na mwiko mkono mmoja na kitana mkono wa pili. Nilijua kijuujuu kwamba kabla sijazaliwa aliwahi kufanya kazi redioni Dar es Salaam. Lakini nilijua hivyo kama nilivyojua kwamba babu aliwahi kuwa kijana. Ni jambo ulilosikia, hulioni.

Mwaka ule siku ya Idi Mosi baba alitoka msikitini akasema wageni watakuja kesho yake kula chakula cha jioni. Walikuwa waandishi wa habari za sayansi, watu wawili waliofanya kazi na mama zamani, mmoja Shamsa, mwingine Lazaro. Kazi iliwaleta delta, mto unapoingilia baharini, kwenye vijiji ambako maji ya chumvi yalikuwa yakiingia mashamba ya mpunga, na sikukuu ikawakutia njiani. Baba alilisema jambo hilo kwa furaha. Mama alisema, "Karibu zao," akaendelea kukunja nguo.

Idi Pili asubuhi nilikuwa nimekaa nje ya mlango wa jiko, nikichezea vifuu. Ndani mama alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, na shangazi yangu Mwajuma, dada yake baba, akichambua mchele. Mbuzi ilikuwa ikikwaruza kwa hasira. Kisha ikanyamaza, nikamsikia mama.

"Wifi, mimi sina kinyongo na Shamsa. Lakini kila nikimtia machoni, naona kakaa kwenye nafasi yangu."

"Yaliyopita yamepita," shangazi akasema. "Mgeni ni mgeni. Mlishe, aende zake."

"Na kama mwenyewe angeitaka tena nafasi ile?"

"Angeitaka nani?"

Mbuzi ikaanza kukwaruza upya.

Hapa lazima niwaeleze habari za Rukia. Rukia alikuwa rafiki yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwaka uliotangulia, siku ya Idi, baba yake alileta mgeni wa kike nyumbani. Mgeni alikula pilau, akasifu pilau, na hakuondoka. Rukia akaambiwa amwite mama mdogo. Tangu siku ile mama yake Rukia alikuwa akija kwetu kukaa barazani bila shughuli, akitazama magari. Mimi kwa akili yangu nilishafahamu kwamba wake wa pili huingia nyumbani kwa mlango wa Idi, pamoja na halua.

Wageni walifika alasiri na gari lenye matope hadi madirishani. Lazaro alikuwa mtu mnene, mcheshi, kwao Songea. Shamsa alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amefunga kilemba cha buluu. Alikuwa na halua. Mama akamkumbatia, wakakaa wamekumbatiana kitambo kirefu kuliko nilivyotarajia, kisha mama akanisukuma mbele.

"Msalimie mama yako mdogo."

Lilikuwa neno lile lile la Rukia. Nikasema shikamoo, akanijibu marahaba, akanishika kidevu. "Ndiye huyu?" akamwuliza mama. Mama akasema, "Ndiye." Wakatazamana juu ya kichwa changu kwa namna ambayo sikuipenda.

Baada ya swala ya magharibi tukaandika chakula ukumbini, masinia mawili kwenye mkeka mmoja mrefu. Kulikuwa na pilau ya kuku, kamba wa nazi, na kachumbari iliyokatwa nyembamba. Mimi nilikaa kwa mama, na jicho langu lilikuwa kwa baba. Ndipo nilipoona jambo la kwanza. Firigisi nyumbani kwetu ilikuwa ya baba. Hakuna aliyeigusa, hata shangazi. Baba akaiokota kwenye wali, akaivusha mkeka mzima, akaiweka upande wa Shamsa.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umetoka mbali."

Mama aliona. Nilimwona akiona. Akashusha macho kwenye sinia akachambua mwiba ambao haukuwepo, kwani kamba hawana miba.

Kisha mazungumzo yakafunguka, na sijawahi kusikia mazungumzo kama yale. Lazaro alieleza alivyopelekwa nchi moja ya Amerika ya Kusini, kwenye jengo kubwa ambamo wataalamu walikuwa wakifuga mbu.

"Wanafuga?" shangazi akauliza.

"Wanafuga, dada yangu. Wanawalisha, wanawahesabia mayai. Nikaambiwa nitie mkono kwenye kizimba nirekodi sauti yao. Nikawaambia mimi nimetoka kwenye mbu, sikuja huku kuwafuata."

"Wangekuja Kibiti," shangazi akasema, "wangewakuta wameshafugwa."

Baba alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akamgeukia Shamsa. "Na wewe shemeji, ile ya meli. Watu wa hapa hawajaisikia."

Shamsa akamtazama mama kwanza. "Zuhura kaichoka hii."

"Sijaichoka," mama akasema. "Ieleze."

Akaieleza. Alisema juu ya meli ya watafiti kwenye bahari iliyoganda, huko mwisho wa dunia. Barafu ilikuwa ikipasuka ubavuni mwa meli kwa mlio kama wa mabati yanayoburutwa. Wataalamu walishusha bomba refu baharini, wakapandisha tope la chini kabisa, wakalikata kama andazi, na ndani yake wakasoma mvua zilizonyesha kabla ya mababu wa mababu. Alisema alitapika wiki nzima. Alisema jua lilikataa kuzama, likazunguka tu pembeni mwa mbingu kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Shangazi akaacha kutafuna. "Sasa magharibi uliswali saa ngapi?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa tabu yangu ya kwanza, dada. Wenzangu wanauliza nyuzi za baridi, mimi nauliza saa za Makka."

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameacha kula. Uso wake ulikuwa umeinuka, midomo imeachana kidogo, na macho yake yalimng'ang'ania Shamsa kama macho ya mtu mwenye kiu anayetazama mwenzake akinywa. Mimi mama hakuwahi kunitazama hivyo, hata nilipoongoza darasani. Mwanamke huyu alikuwa amekula firigisi, amemchekesha baba, na sasa alikuwa anamchukua hata mama.

Lazaro alikuwa anaanza kisa kingine. Nikamkatiza.

"Mama mdogo," nikasema, "mizigo yako mingine inakuja lini?"

Shamsa akageuka kwa upole. "Mizigo gani, mwanangu?"

"Ya kuhamia. Si wewe umekaa kwenye nafasi ya mama?"

Lazaro alipaliwa na wali. Hakuna aliyempiga mgongo. Baba aliweka tonge lake chini polepole, akanikazia macho.

"Maneno hayo kakwambia nani?"

Nilitaka kusema nimeota. Lakini mama alitangulia.

"Nimeyasema mimi. Asubuhi, jikoni. Mtoto kasikia nusu, na nusu aliyoisikia ni ya kweli."

Shangazi akasema, "Wifi, tule." Mama akatikisa kichwa. Akajifuta mkono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, na alipozungumza alizungumza nami, kwa sauti ya kawaida, kama ananifundisha kuchambua mchicha.

"Si baba yako. Mama Shamsa hamtaki baba yako. Nafasi niliyosema ni ya meli. Ile meli uliyoisikia sasa hivi. Aliyechaguliwa kwenda nilikuwa mimi. Nilishapimwa macho, nilishapigwa picha ya pasipoti. Kisha ikaonekana nina tumbo, wakasema mwenye tumbo hapandi. Ndipo akaenda yeye."

"Tumbo la nani?" nikauliza.

"Lako wewe."

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilitazama miguu yangu, iliyokuwa imetoka kwenye tumbo lile, na nikaiona mikubwa.

Shamsa alikuwa amekaa wima. "Zuhura, nimekuja hapa mara ngapi? Nimekuja na halua, nimekuja na kanga. Tumekaa hapa hapa. Hukusema."

"Ningesema nini? Kwamba nakuonea wivu? Haya, nakuonea wivu. Nakupenda, na nakuonea wivu. Ukielezea lile tope mate yananijaa."

"Nikikuomba radhi nitakuwa mnafiki," Shamsa akasema. "Safari ile niliitaka tangu walipokuchagua wewe. Walipokuja kuniambia wewe huendi, nilifunga mlango nikaruka. Nimekaa na hilo miaka yote hii. Na wakinirudisha siku ile, nitakwenda tena."

"Najua," mama akasema. "Mimi pia ningekwenda."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kulia chumbani, na baba naye alidhani hivyo, kwani alianza kunyanyuka amfuate. Lakini tukasikia sanduku likifunguliwa, na mama akarudi amevaa koti. Koti kubwa, la kahawia, la manyoya shingoni, na ile harufu ya vidonge ikaingia ukumbini ikaifunika pilau. Nilikuwa sijawahi kuliona. Alikuwa amelinunua mtumba Ilala, akasema, wiki ile ile aliyochaguliwa. Akasimama katikati ya joto la Kibiti na jasho likimtoka kwenye nywele.

"Utaiva humo, wifi," shangazi akasema.

Shamsa akanyoosha mkono akashika pindo la koti, akalifikicha kwa vidole viwili, akaligeuza ndani. Alilichunguza kwa makini, kwa uso wa kazi.

"Hili lisingekufaa kitu," akasema. "Baridi ile ingekuua siku ya kwanza."

Mama akamtazama. Kisha akacheka. Alianza kwa pua, akajizuia, akashindwa, akakaa chini na koti lake akicheka huku machozi yanamtoka, na Shamsa akamwegemea begani akicheka vilevile, na Lazaro, ambaye alikuwa bado anakohoa, akacheka naye, akaomba maji. Waliocheka ni wao watatu. Baba hakucheka. Mimi sikucheka.

Walipotulia, Shamsa akasema, "Unataka nini, Zuhura?"

"Kesho mnarudi delta?"

"Alfajiri. Nyamisati, kisha tunapanda boti kwenda vijiji vya ndani."

"Wale kina mama wa mashamba ya mpunga, mmezungumza nao?"

Lazaro akajibu. "Wanatujibu ndiyo na hapana. Tukiondoka, tunawasikia wanaanza mazungumzo ya kweli, Kindengereko kitupu."

"Wale ni watu wa kwetu," mama akasema. "Nataka kwenda nanyi."

Akamgeukia baba. Baba alikuwa anakusanya punje za wali zilizodondoka mkekani, moja moja, akizirudisha kwenye sinia.

"Idi haijaisha," baba akasema.

"Najua."

"Watu watakuja kutembea. Wageni atawapokea nani?"

"Wageni ndio ninaokwenda nao."

"Na huyu?" akanielekezea kidevu.

Nilishika kanga ya mama. Nilitaka aseme kwamba kwa sababu yangu haendi. Alikwisha kuacha meli kwa ajili yangu, hata kama hakuniuliza, basi na boti angeiacha. Mama aliutazama mkono wangu kwenye kanga yake. Akauweka mkono wake juu ya wangu, akaufungua vidole, taratibu, bila kuniumiza.

"Huyu ana baba," akasema, "na ana shangazi."

Nje lori lilipita, glasi zikatetemeka kwenye kabati. Mwishowe baba akasema, "Maji yakitoka huko mikokoni, boti zinakwama. Chukua viatu vyangu vya mvua." Akanyanyuka, akaenda kunawa, na hakurudi mkekani.

Asubuhi mama aliondoka na viatu vya baba, vikubwa mno, alivyojaza vitambaa mbele. Alinibusu akinukia sabuni. Gari lilipogeuka barabarani nilimwona kiti cha nyuma, kati ya mifuko na vyombo vya kurekodia, ameshaanza kuzungumza na Shamsa, mikono inapepea. Hakugeuka nyuma. Leo najua kwamba mtu hageuki nyuma kwa sababu nyingi. Siku ile nilijua sababu moja tu.

Siku alizokuwa huko zilikuwa ndefu. Rukia alikuja akaniuliza kama mama ndiye aliyeolewa kwingine safari hii, kwa kuwa kwetu mambo yalikwenda kinyume. Shangazi alinisuka nywele zikakaza hadi nyusi. Baba aliuza dukani, akala, akaswali, na kila gari lililopunguza mwendo alitoka mlangoni, akajifanya anatazama mawingu. Nilimpeleleza kama nilivyompeleleza siku ile ya firigisi, nikagundua taratibu kwamba baba alikuwa na hofu kama yangu. Aliijua ile meli kabla yangu. Aliishi nayo ndani ya nyumba miaka yote, kama mtu anayeishi na mpangaji asiyemwona, akingoja siku mpangaji atakapotoka chumbani.

Mama alirudi na tope hadi magotini na sauti iliyokauka. Alikula wali wa jana akiwa amesimama. Kisha akakaa kitandani na spika za masikioni, akisikiliza watu aliowarekodi, na nilipopanda kando yake aliniruhusu, akaniwekea mkono kichwani, lakini alikuwa akitabasamia mtu mwingine. Niliomba nisikilize. Akanivisha. Nikasikia mwanamke akieleza jinsi mpunga ulivyogeuka mwekundu shambani, na jinsi mume wake alivyoonja maji ya mfereji akayatema. Katikati ya maneno yake nikasikia sauti ya mama ikisema tu, "Ehee. Ehee, mama." Ilikuwa sauti laini, yenye subira isiyo na mwisho. Mimi nilizoea "harakisha" na "utaniangushia chungu." Nikavua zile spika nikamrudishia.

Wiki chache baadaye akaitwa Dar kumalizia kipindi, kisha wakamwita tena kwa kipindi kingine. Miaka iliyofuata alifika mbali, kwenye nchi zenye theluji na nchi zenye mchanga, akirudi na visa, na mimi nikakua nikiwa mtoto wa mama anayesafiri. Sikufa, wala hakuacha kuwa mama yangu. Lakini mkiniuliza wivu wangu ulikaa wapi, haukuwa kwenye nchi zile. Ulikaa kwenye siku ile kipindi cha kwanza kiliporushwa.

Mama alikuwa Dar. Ilikuwa alasiri, dukani kuna watu, mafundi wawili waliokuja kununua misumari na mzee mmoja wa Chumbi aliyekuwa akipatana bei ya mabati. Baba aliongeza sauti ya redio. Ikaja sauti ya maji na kasia, kisha ikaja sauti ya mama ikisema jina lake, lote, na la babu yake. Mafundi wakanyamaza. Yule mzee wa Chumbi, ambaye hakumjua, akasogea akaweka kiwiko juu ya kaunta.

Mama alizungumza na yule mzee. Ndivyo nilivyoona. Alizungumza naye na mafundi, na waliopita barabarani, na watu wa Mloka na wa Tanga na wa mahali nisipopajua, na alizungumza nao wote kama ananong'ona na mtu mmoja. Nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni, mtoto wake wa tumbo, na sikupata zaidi ya walichopata wao. Nikapita chini ya kaunta, nikaenda moja kwa moja kwenye redio, nikaweka mkono kwenye kitufe cha kuzimia.

Baba aliuona mkono. Hakuuondoa. Alikuja akasimama nyuma yangu na kuuwekea wake juu, na tukakaa hivyo kidogo, mikono miwili kwenye kitufe kimoja, na kwa jinsi wake ulivyokuwa mzito nilielewa kwamba naye alikuwa amefikiria kuizima.

"Haya, misumari yetu vipi?" fundi mmoja akauliza.

"Ngoja amalize," baba akasema.

Akanibeba, akaniketisha juu ya mifuko ya saruji, mwenyewe akaegemea ubavuni mwangu. Tukamsikiliza hadi mwisho, kama wateja.